Vipande Saba vya Mwamba wa Kirumbi

1

Skripti yangu, programu fupi ya kompyuta, ina mistari arobaini na miwili, na kwa miaka kumi na mmoja haikuwahi kuniambia neno la maana. Nasema hivyo kwa fahari. Mlinzi wa mwamba anayepata habari kila mwaka ni mlinzi asiyejua kazi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila mwaka, wiki moja kabla ya mvua za kwanza, ndege wadogo wasio na rubani wa Mamlaka ya Miamba huruka mbele ya Mwamba wa Kirumbi tangu alfajiri mpaka adhuhuri, wakiupiga picha kiganja kwa kiganja. Kila kiganja cha mwamba ni faili moja: rangi yake, unyevu wake, chumvi, mafuta, hata mikwaruzo ambayo jicho haliwezi kuiona. Mafaili hayo huingia kwenye folda iitwayo LEO. Pembeni yake iko folda ya pili, ASILI, iliyojazwa mara moja tu, siku mwamba ulipovishwa Ngozi. Skripti huchukua faili moja huku na mwenzake kule, huyafupisha yote mawili yawe tarakimu chache, mithili ya alama ya dole gumba, kisha hulinganisha alama hizo. Zikilingana, huandika SAWA. Zisipolingana, huandika TOFAUTI. Mimi hutia sahihi, na Ngozi hurudisha kila chenye tofauti kilivyokuwa katika ASILI.

Ngozi huioni. Ni utando wa mashine ndogo kuliko vumbi, uliopuliziwa juu ya jiwe, na hujitengenezea kila inachohitaji kutokana na umande. Unyevu, chumvi na mafuta huvijaza yenyewe kila siku bila kumwuliza mtu; rangi tu ndiyo haigusi mpaka nitie sahihi. Watu huniuliza kwa nini tunaweka mashine juu ya michoro ya mababu. Mimi huwaambia waende wakautazame Mwamba wa Isanju. Nilikuwa darasa la sita mwaka wa mafuriko makubwa. Masika yale yaliufuta wote. Nilisimama mbele ya jiwe tupu ambalo bibi yangu alinionyesha twiga juu yake, nikalia mpaka nikaona aibu mbele ya wenzangu. Nilichagua kazi hii siku ile.

Jumanne ninayotaka kuisimulia, saa nne asubuhi, niliandika amri, nikabonyeza, nikaanza kumenya yai la kuchemsha. Skripti ilimaliza kabla sijafika nusu ya yai.

SAWA: 41,209
TOFAUTI: 7

Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba nimekosea mimi. Nikairudia. Saba. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikairudia tena, huku yai likiendelea kupoa mezani. Saba, na yale yale.

2

Niliyapanga mafaili yale saba kwenye kioo cha kompyuta kwa namba zake. Yalikaa kiganja juu ya kiganja, mstari mmoja wa wima, bila kuruka hata kipande kimoja. Uharibifu hauji hivyo. Popo hachafui kwa mstari, na jiwe halibanduki kwa mstari.

Hapa inabidi niwaeleze wasiowahi kufika Kirumbi. Mwamba wetu una picha ya watu sita warefu, wembamba, wekundu, vichwa vyao vikiwa na mistari kama nywele zilizosukwa. Wote wanatembea kuelekea kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake. Mbele ya yule wa kwanza pana nafasi tupu, pana kiasi cha kumtosha mtu. Wataalamu wameandika kurasa na kurasa kuhusu nafasi ile. Mmoja alisema ni upeo wa macho, mwingine akasema ni mauti. Ukoo wetu, ambao ndio wenye mwamba, haukuandika kurasa. Walisema tu kwamba wa mbele ametangulia.

Vipande vyangu saba vilikuwa katikati ya nafasi ile.

Nikachukua kofia, nikapanda. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye akili timamu, mimi nilitumia nne. Nilifika pumzi zimeniishia, nikashika ukingo wa ngazi, nikatazama.

Alikuwa amefifia sana, kama doa la chai lililofuliwa mara nyingi kwenye kitambaa cha meza. Lakini alikuwepo. Kichwa, shingo, kiwiliwili kirefu, mguu mmoja mbele. Alikuwa mrefu kuliko wale sita. Na alikuwa amegeuka nyuma. Sita wote wanatazama kushoto, yeye peke yake aliwatazama wao, mkono mmoja umeinuka, kama mtu anayewaambia wenzake njooni, ni huku.

Nilikaa chini kwenye mawe. Nimefanya kazi na mwamba ule miaka kumi na mmoja, najua kila ufa wake, na sasa nilikuwa mgeni mbele yake. Sikuogopa, bali nilijiona mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo.

3

"Mtu kachora," alisema Daktari Theonest kutoka Dodoma. Yeye ndiye mkuu wa walinzi wote, mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe na tabia ya kusafisha miwani akikosa la kusema. Uso wake ulijaza kioo changu chote.

"Hakuna mtu kachora, Daktari. Ngozi ingemhisi. Tazama kina."

Nilimfungulia kipande cha tatu, kile cha kifua. Faili la mwamba halina uso wa jiwe tu. Linashuka ndani, unene wa kucha mbili, ingawa skripti hulinganisha uso tu. Picha iliyochorwa jana huwa nzito juu na hafifu chini. Hii ilikuwa kinyume. Wekundu ulikuwa mzito kule ndani kabisa, ukapungua ukipanda, ukafika juu ukiwa umechoka.

Alisogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema polepole, "Anatoka."

"Anatoka."

Akaanza kusafisha miwani. Nikamweleza nilichokipata kwa saa tatu za kuchunguza. Wachoraji wa kale walichanganya udongo mwekundu na mafuta. Mafuta yalizama ndani ya jiwe, na ndani ya mafuta wakazama vijidudu, wale wanaokula mafuta na kubeba chuma. Rangi ya juu ilipauka ikaisha. Vijidudu wakalala njaa, kila mmoja mahali pake, wakishika umbo la mchoro uleule kule gizani. Wakipata mafuta huamka, hula, na kila wanapokula huvuta chuma cha jiwe, kile kinacholeta wekundu, hatua moja kuelekea juu.

"Umri?" aliuliza.

"Wale sita wana miaka elfu nne, sivyo? Huyu alikuwa ameshazama ndani ya jiwe kabla hao sita hawajachorwa."

"Lakini wamemwachia nafasi."

"Ndiyo."

"Waliwezaje kumwachia nafasi mtu wasiyemwona?"

Tulitazamana, watu wazima wawili wenye shahada zao, kila mmoja akiona jinsi mwenzake alivyopigwa na butwaa. Nikawafikiria wachoraji wale wamesimama na udongo wao mkononi mbele ya jiwe tupu, mmoja akisema: sogeeni, hapo pana mtu.

"Bi Rukia," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imerudi ofisini, "kuna mafuta gani kwenye mwamba ule? Jiwe halina mafuta."

Hilo nilikuwa nimeshaliona. Katika folda ya ASILI, kila kipande chenye picha, pamoja na vile saba vya nafasi tupu, kilikuwa na mafuta, tabaka jembamba, safi. Miaka kumi na mmoja tulidhani ndivyo jiwe lilivyo. Na Ngozi, kwa utii wake, ilikuwa inatengeneza mafuta yale kila siku na kuyarudisha mahali pake.

"Mpaka lini nina muda?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Ijumaa saa sita mchana. Usipotia sahihi, mfumo utajitilia wenyewe, na vile saba vitafutwa. Sheria haina macho, unajua."

4

Mama mdogo Zena anakaa chini ya mwamba, nyumba ya tatu kutoka maegesho ya watalii. Nilimkuta uani anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Hizo mashine zako hazikupi chakula?"

Nikakaa kwenye kigoda. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa mpakaji wa ukoo, aliyepanda kila mwaka kabla ya mvua na kuwapaka mafuta wale wa juu. Siku mwamba ulipovishwa Ngozi alipewa barua ya kumkataza kukanyaga tena kule, kwa kosa la kuharibu urithi. Mamlaka iliujengea ukoo mwamba wa saruji kando ya maegesho, wenye nakala ya wale sita, wafanyie mambo yao pale. Waliupaka mara moja. Mafuta yaliteleza mpaka kwenye magari.

"Mama mdogo, siku ile ya Ngozi ulifanya nini kule juu?"

Ungo ukasimama. "Barua waliiandika wao. Isome."

"Nimeisoma. Nataka kusikia kwako."

Alinitazama kwanza kuona kama namkejeli. "Tuliambiwa wageni wanakuja kuwapiga picha. Wakubwa, kutoka Dodoma. Sasa wewe mwanangu, ukiambiwa wageni wanakuja kuwapiga picha wazee wako, utawaacha wamepauka? Nilipanda alfajiri na mafuta ya mkia wa kondoo na kibuyu cha pombe ya mtama. Pombe sijaionja tangu nizaliwe, unajua. Ile ni yao. Nikawapaka mmoja mmoja wakang'aa. Vindege vilikuwa vimeshaanza kuruka. Nashuka, nakutana na wakubwa, mikono inanuka mafuta. Basi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, kisha machozi yakaja humo humo. Aliyemwandikia barua hakumwambia aliyepiga picha. ASILI, ile folda takatifu tusiyoruhusiwa kuigusa, ilikuwa picha ya wazee waliopakwa mafuta kwa ajili ya wageni.

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu kwamba mashine ilidhani ndivyo walivyo siku zote, kwa hiyo imekuwa ikiwapaka kila siku.

"Kila siku?"

"Kila siku, miaka kumi na mmoja."

"Sisi tuliwapaka mara moja kwa mwaka," alisema, "tukajiona tumejitahidi."

"Mama mdogo. Wa mbele ametokea."

Aliweka ungo chini, akavuta ncha ya kanga akaziba mdomo. "Mama yangu aliniambia yuko," alisema. "Sikumwamini. Miaka thelathini nilipaka pale patupu kwa adabu tu, nisije nikaonekana mvivu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo mafuta yangu hayakuharibu?"

"Mafuta yako ndiyo yaliyomwita."

Alilia, nami nikamwacha alie. Miaka kumi na mmoja mtu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenye kosa ambalo hakulifanya.

5

Alhamisi Daktari Theonest alirudi kwenye kioo changu na hoja zake. Alikuwa amelala vibaya, na alinipenda vya kutosha kunieleza ukweli.

"Njia ya kwanza, unatia sahihi, anafutika. Njia ya pili, tunafungua ASILI tumwingize. Unajua kwa nini haiwezekani."

Nilijua. Kufuli la ASILI nililiandika mimi. Miaka sita iliyopita mkubwa mmoja alitaka babu yake aongezwe kwenye mwamba mwingine, kati ya twiga wawili, na alikaribia kufaulu. Ndipo nikaandika kufuli lisilofunguka kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo, mpaka miamba yote mia tatu ifunguliwe kwa pamoja. Ukilifungua leo kwa ajili ya ukweli, kesho ataingia mwenye uongo kwa mlango huohuo.

"Na ya tatu?" nikauliza.

"Ya tatu ni kuachia."

Kuachia ni amri ya vipande vilivyokufa. Jiwe likimeguka likaanguka, mlinzi hukitangaza kipande kuwa mfu. Faili lake hufutwa katika folda zote mbili, maana kufuli huzuia kuongeza na kubadili, si kuondoa; Ngozi hujitoa juu yake, na kwa sheria kipande hurudi kwa wenye ardhi. Amri hiyo hairudi nyuma.

"Fikiri vizuri, Rukia," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Hatakuwa na nakala popote. Ngozi haitampaka wala kumkinga. Mvua moja mbaya, mbuzi mmoja, mtoto mmoja mwenye msumari. Na mwakani skripti yako itasema kila kitu ni sawa, kwa sababu haitajua kwamba aliwahi kuwepo. Ukimfuta leo, angalau vijidudu wanabaki ndani. Labda miaka mia ijayo sheria itakuwa na busara kuliko sisi."

"Au labda watausafisha mwamba kwa sababu ya mafuta, nao wafe njaa."

"Au labda hivyo. Ripoti yako ya mafuta lazima ifike mezani, siwezi kuificha."

"Sikukuomba uifiche."

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu baadaye watu walinisifu kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Kila nilipofumba macho niliuona Isanju, lile jiwe tupu. Kazi yangu yote ya maisha ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu atakayesimama tena mbele ya jiwe namna ile, na sasa nilikuwa napima kumtoa mmoja nje, uchi, wiki ya mvua. Nikashuka kwa mama mdogo, maana uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Mzigo ungekuwa wao.

"Nikimwachia, ni wenu," nilimwambia. "Mashine haitamsaidia."

"Na ikinyesha?"

"Itanyesha juu yake."

"Na nikikosea kumpaka?"

"Hakuna wa kumrudisha."

Aliendelea kuchambua mawe kwenye ulezi. Nilitamani aseme hapana. Ningetia sahihi nikalala usingizi.

"Yule kageuka anatazama wenzake," alisema hatimaye, kwani nilikuwa nimempa picha yake. "Elfu ngapi ulisema? Katembea umbali wote huo, kafika mlangoni, halafu tumwambie arudi kwa sababu hayumo kwenye orodha?" Akatikisa kichwa. "Niletee kondoo mwenye mkia mnene."

6

Ijumaa saa tano na nusu nilikaa mbele ya mashine. Fomu ya kuachia iliniuliza sababu: kumeguka, kuungua, kubanduka, mengineyo. Nikachagua mengineyo, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: Si mfu. Anatoka. Anahitaji mikono ya watu. Nikaweka jina langu kamili na namba ya kazi, anayetaka kunifukuza asipate taabu ya kunitafuta. Nikabonyeza.

Nikaendesha skripti.

SAWA: 41,209
TOFAUTI: 0

Haikuonyesha dalili yoyote ya kwamba kuna kitu kimetokea. Nilizitazama namba zile kama mtu aliyeachia kamba ya ndoo kisimani.

Jumamosi asubuhi tulipanda, mimi na mama mdogo, yeye mbele. Ana miaka sabini na mmoja na goti bovu, na hakukubali nimshike. Alipofika mbele ya wale sita aliwaamkia, akawaambia wawe na subira, wao wana mashine ya kuwahudumia, leo hakuwajia wao. Kisha akageukia nafasi ya mbele.

Wekundu ulikuwa umeongezeka tangu Jumanne. Sasa vidole vya ule mkono ulioinuka vilihesabika. Mimi nikasogea nyuma kwa sababu niliona kwamba pale palikuwa pao wawili, mama mdogo na wa mbele. Akafungua chupa, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto. Akampaka kuanzia kichwani, polepole, kwa ncha za vidole, akisema naye kwa Kirangi, lugha ya ukoo wetu, maneno ambayo mengine sikuyajua. Alipomaliza alimwaga pombe kidogo chini ya miguu yake.

"Vua glavu," akaniambia.

"Mimi?"

"Kwani mimi nitaishi milele?"

Walinzi hatugusi mwamba. Miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuweka ngozi yangu juu ya jiwe lile. Nikavua. Akanimiminia mafuta, akanishika kifundo cha mkono, akauweka mkono wangu juu ya kifua cha wa mbele, kile kipande cha tatu nilichokijua kwa namba. Jiwe halikuwa baridi kama nilivyodhani. Nikampaka. Nilipoondoa mkono, wekundu kidogo ulikuwa umebaki kwenye kiganja changu, na moyo ukanipasuka.

"Nimemtoa," nikasema. "Mama mdogo, nimemtoa rangi."

"Kidogo," alijibu. "Mwezi ujao utakuwa na mkono mwepesi zaidi."

Akanikabidhi chupa. Akaniambia kila mwezi ukiandama, si mara moja kwa mwaka tena, nije mwenyewe, goti lake halitaki tena mlima huu, na nisisahau kutafuta wa kunirithi kabla sijazeeka kama yeye. Kisha akaanza kushuka, mkono mmoja kwenye ukuta.

Nikabaki peke yangu na wa mbele, kiganja changu chekundu. Nilihesabu siku zilizobaki hadi mwandamo. Zilikuwa kumi na tisa, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.